Barafu si Karatasi, wala Mng'ao si Joto

Upimaji wa halijoto ya barafu kutoka angani umeleta istilahi ambazo wafasiri wetu hawana budi kuzitazama upya. Tatu kati ya zinazopendekezwa zina kasoro, na ya tatu yaweza kumpotosha msomaji kabisa.

Ya kwanza ni "karatasi ya barafu". Hapa mfasiri amelifuata neno la kigeni pasipo kukitazama kitu chenyewe. Barafu ya Antaktika ina unene wa wastani upatao kilomita 2. Karatasi gani hiyo? "Funiko la barafu" lafaa zaidi, kwa kuwa barafu hiyo imeifunika nchi kavu.

Ya pili ni "mawimbi mafupi". Jina hili lina mwenyewe: katika redio ni mawimbi yenye urefu wa mita 10 hadi 100. Setilaiti ya SMOS, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwaka 2009, iliundwa ipokee mawimbi ya sentimita 21 hivi, ambayo katika barafu kavu hutoka kina cha mamia ya mita. Haya yaitwe "mawimbi maikro".

Ya tatu ni "halijoto ya mng'ao". Theluji hung'aa machoni kwa nuru ya jua inayorudishwa. Kinachopimwa hapa ni mnururisho utokao ndani ya barafu yenyewe. Tena, kipimo hicho si halijoto ya barafu, bali ni halijoto halisi ikizidishwa kwa uwezo wa barafu wa kutoa mnururisho.

Tuchukue mfano. Theluji kavu yenye kelvini 260 na uwezo wa 0.75 itaonyesha 195. Ikianza kuyeyuka, yenye kelvini 273 na uwezo wa 0.95, itaonyesha 259 hivi. Halijoto halisi imepanda kwa 13, kipimo kwa 64. Ofisa anayetegemea tafsiri ataripoti kwamba theluji imepata joto kwa digrii 64, na mwalimu atawafundisha wanafunzi hivyo hivyo.

Twapendekeza "halijoto linganishi ya mnururisho", yaani halijoto ambayo kitu cheusi kamili kingekuwa nayo ili kitoe mnururisho ule ule. Itasemwa kuwa ni ndefu. Ni kweli, lakini yamwonya msomaji kwamba bado kuna hesabu ya kufanywa kabla ya kuitaja halijoto ya barafu.