Gamba la Mpingo katika Kichwa cha Santuri

Mpingo umesifiwa sana katika maandishi yetu. Umesifiwa kwa ajili ya vinyago vya Wamakonde, umesifiwa kwa ajili ya klarineti na oboe zinazopigwa katika kumbi za Ulaya, na siku hizi unasifiwa hata mahali ambapo jicho la mpita njia haliwezi kuufikia, yaani katika kichwa cha sindano ya santuri. Husemwa kwamba kichwa kilichovuliwa gamba lake la plastiki na kuvikwa gamba la mbao hutoa sauti yenye joto na utu, na kwamba mti wenyewe huimba pamoja na mwimbaji. Sifa hii ya mwisho ndiyo tunayokusudia kuipima katika makala haya, kwa maana sifa isiyopimwa huudhulumu mti na hulidhulumu sikio pia.

Kwa faida ya msomaji aliyezaliwa katika zama za simu, hapana budi kwanza tueleze kichwa hicho ni kitu gani. Sahani ya santuri ina mfereji mmoja mrefu uliojiviringa kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu. Kuta za mfereji huo zimepindapinda kwa kuufuata mtikisiko wa sauti iliyorekodiwa. Sindano ya almasi hupita humo, nayo hutikiswa. Mtikisiko huo hupandishwa na kijiti chembamba hadi kwenye nyuzi za shaba zilizozungushwa karibu na sumaku, na hapo huzaliwa umeme mdogo ambao baadaye hukuzwa mpaka ukaweza kuendesha vipaza sauti. Vyote hivyo, yaani sindano, kijiti, nyuzi na sumaku, hukaa ndani ya gamba dogo lisilozidi fundo la kidole gumba. Mafundi hukiita chombo hicho katriji. Sisi tutakiita kichwa.

Kichwa kinachobadilishwa gamba kuliko vyote ni kile cha Kijapani kiitwacho Denon DL-103. Kilibuniwa katika miaka ya 1960 kwa matumizi ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, nacho kimeendelea kutengenezwa kwa zaidi ya nusu karne. Kina uzito wa gramu 8.5, hukandamiza sahani kwa uzito wa gramu 2.5, na umeme wake hauzidi sana sehemu 3 za volti iliyogawanywa mara 10,000. Ni chombo cha kazi, kilichoundwa kwa ajili ya watangazaji waliohitaji kitu kisichodeka. Gamba lake ni la plastiki nyepesi, na ndani yake mna uwazi. Wakosoaji wake husema, nasi tunakubaliana nao, kwamba moyo wa kichwa hiki ni bora kuliko nguo yake.

Basi fundi hulipasua gamba hilo polepole, akautoa moyo ukiwa uchi, huku nyuzi zake nyembamba kuliko unywele zikiwa tayari kukatika kwa kosa la pumzi moja. Kisha huuingiza katika kipande cha mbao kilichochimbwa kwa kipimo chake na kuugandisha kwa gundi ngumu. Wengine hutumia mzeituni, wengine abunusi, wengine mbao zilizoshindiliwa kiwandani kwa utomvu. Sisi tulipata kusikiliza kilichovikwa mpingo, kazi ya fundi wa Dar es Salaam aliyetumia kipande kilichobaki katika uchongaji wa vinyago.

Tulisikiliza sahani ndogo ya Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano ya miaka ya 1970, mara ya kwanza kwa kichwa chenye gamba la kiwandani, mara ya pili kwa kile cha mpingo. Vichwa vyote viwili vilikuwa vya umri mmoja, na mwenzetu mmoja ndiye aliyekuwa akivibadilisha nyuma ya pazia ili macho yasilifundishe sikio la kusema. Tofauti ilikuwapo, wala hatutaki kuikana. Kwa kichwa cha mpingo besi ilisimama imara zaidi, magitaa mawili yaliyokuwa yamekumbatiana yaliachana kidogo, na matarumbeta yalipunguza ule ukali unaomfanya msikilizaji akunje uso. Wenzetu walishangilia. Mmoja alisema kwamba hiyo ndiyo sauti ya msitu wa Kilwa.

Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kuanza, ingawa kwa watu wengi hapo ndipo unapokwisha. Fundi hakubadilisha kitu kimoja. Alibadilisha vitu vitatu kwa pamoja. Alibadilisha mada ya gamba. Aliziba uwazi uliokuwa ndani na kuushikisha moyo kwa gundi usiweze kuchezacheza. Tena aliongeza uzito, kwa kuwa mpingo ni mti mzito hata ukitupwa majini huzama, na kichwa chetu kilikuwa kimefika gramu 12. Uzito huo si jambo dogo. Kijiti cha DL-103 ni kigumu kupinda, na vichwa vya namna hiyo hutaka mkono mzito wa kuvibeba. Mkono ukiwa mwepesi, mkono na kichwa hutikisika pamoja mahali pasipofaa, na besi huharibika. Mikono mingi ya santuri za kisasa ni myepesi. Kwa hiyo gamba zito huenda likaponya ugonjwa wa mkono, kisha sifa zote zikaenda kwa mti.

Tulifanya jaribio rahisi ambalo mwalimu yeyote wa fizikia anaweza kulirudia mbele ya wanafunzi wake. Tulichukua kichwa cha plastiki, tukaweka kati yake na mkono kibati cha shaba cha gramu 3.5 (si cha chuma, kwani sumaku ingelikivuta), tukasawazisha mkono upya, tukaicheza sahani ileile. Besi ilirudi imara, karibu sawa na ya mpingo. Matarumbeta hayakupona. Ukali wao ulibaki palepale. Hivyo tunaona kwamba sehemu kubwa ya joto lililosifiwa ilikuwa kazi ya gramu tatu na nusu, na sehemu iliyobaki ilikuwa kazi ya ukimya, yaani ule uwazi uliozibwa na moyo ulioshikwa usitikisike ovyo. Gamba jema halina ruhusa ya kuimba. Likiimba, huongeza wimbo wake juu ya wimbo wa Mbaraka, na Mbaraka hakumwomba mtu yeyote amsaidie kuimba.

Wapo watakaotujibu kwa mfano wa klarineti. Watauliza: kama mti hauimbi, mbona watengenezaji wa Ulaya husafirisha mpingo wetu kwa gharama kubwa? Swali ni la haki. Lakini katika zumari kinachoimba ni hewa iliyomo ndani ya bomba. Umbo la bomba ndilo linaloitawala hewa hiyo. Mwaka 1971 Mmarekani John Coltman alichapisha jaribio la filimbi za fedha, za shaba na za mbao zilizokuwa na umbo moja, na wasikilizaji wake hawakuweza kuzitofautisha kwa sauti. Mpingo hupendwa kwa sababu una chembe zilizobanana, una mafuta yake, haunyonyi mate ya mpigaji kwa haraka, na tundu lililochimbwa ndani yake hubaki na kipimo chake miaka mingi. Ni sifa za uaminifu. Sisi tunaziona kubwa kuliko sifa ya kuimba, na ndizo hizohizo zinazoufaa katika kichwa cha santuri.

Kuhusu uzuri wa macho hatuna ugomvi. Gamba lile lilikuwa jeusi lenye mshipa mmoja wa kahawia, limesuguliwa mpaka likang'aa, na kulitazama likiteremka juu ya sahani ni furaha halali. Mchonga kinyago naye hahitaji kudai kwamba kinyago chake kinasema. Isipokuwa mti huu huchukua miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa, na tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya uangalizi wa mkataba wa CITES. Kukata gogo kwa ajili ya gamba lenye ukubwa wa fundo la kidole kungekuwa upumbavu. Fundi wetu aliokota sakafuni kilichokuwa kinangoja kuchomwa moto, na hilo tunalisifu kuliko sauti yenyewe.

Tuongeze neno kwa walio na sahani za kale majumbani. Baada ya Mbaraka, mwenyeji wetu alileta sahani nzito ya mizunguko 78, ya zama zilezile ambazo Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi, mwaka 1928, akataka tuisikilize kwa mpingo. Tulikataa. Ncha ya sindano ya DL-103 ina nusu kipenyo cha sehemu 16.5 za milimita iliyogawanywa mara 1,000. Mfereji wa sahani za zama zile huhitaji ncha pana kiasi cha mara nne. Sindano yetu ingezama mpaka chini, ikaburura vumbi, ikatoa mngurumo, na huenda ikaikwaruza sahani ambayo pengine haina pacha. Hakuna mbao duniani inayosahihisha jambo hilo. Mwenye sahani kama hizo na atafute kwanza sindano ya kipimo chake.

Na kwa mafundi wanaochonga magamba haya tuna ombi moja. Katika vikasha vyao huandika jina la mti kwa herufi za dhahabu. Chini yake waandike pia uzito wa kichwa kwa gramu, ili mnunuzi aweze kuulinganisha na mkono alio nao nyumbani.