Dakika 80 za Kuuchelewesha Ukweli

Jesse ana ndege ya kuwahi jioni. Waandishi wa filamu ya Before Sunset waliliweka jambo hilo mapema, kabla mtazamaji hajajua kama mwanamume huyu ameoa, kama ana raha, au kama kuna kilichomleta Paris zaidi ya kazi. Tunamkuta katika duka la vitabu la Shakespeare and Company, jirani na kanisa kuu la Notre-Dame, akijibu maswali ya waandishi wa habari kuhusu riwaya yake. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege limeshapangwa. Katikati ya jibu anageuza macho pembeni na kumwona Céline, mwanamke aliyeagana naye kituo cha treni mjini Vienna miaka tisa iliyopita. Kuanzia hapo, kila sentensi watakayoambiana inakula muda ambao hawana.

Kwa asiyeijua sehemu ya kwanza: mwaka 1995 mwongozaji Richard Linklater wa Marekani alitoa Before Sunrise, filamu ambayo mswada wake aliuandika pamoja na Kim Krizan. Kijana wa Kimarekani na msichana wa Kifaransa wanakutana kwenye treni, wanashuka Vienna, wanazurura usiku kucha, na asubuhi wanaahidiana kukutana palepale baada ya miezi sita. Hawapeani namba za simu wala anwani. Filamu inaishia hapo. Mwaka 2004 Linklater alirudi na waigizaji walewale, Ethan Hawke na Julie Delpy, na safari hii wote wawili waliandika mswada pamoja naye. Walipiga picha kwa siku 15 tu, majira ya joto ya mwaka 2003, kwa bajeti isiyofika dola milioni 3.

Ukiulizwa kinachotokea ndani ya filamu hiyo, jibu ni fupi mno. Watu wawili wanatembea, wanakunywa kahawa, wanapanda boti, wanapanda gari, wanapanda ngazi. Wengi huisifu kwa uhalisia wake, kana kwamba kamera iliwakuta wawili wanaongea ikaachwa iwake. Mimi nasema kinyume. Hii ni mojawapo ya filamu za mapenzi zilizoundwa kwa ukali mkubwa kuliko zote nizijuazo, na nyenzo yake kuu ni kuamua nani aseme ukweli, lini, na akiwa amekaa au amesimama wapi.

Tuanze na maneno. Majibizano yale hayakubuniwa papo kwa papo. Kule kukatizana, sentensi zinazoachwa nusu, kicheko kinachoingia mahali pasipokitaka, vyote viliandikwa na kufanyiwa mazoezi. Ushahidi uko kwenye picha zenyewe. Kamera ya Steadicam inarudi nyuma mbele yao barabarani kwa dakika kadhaa bila mkato, na shoti ndefu kuliko zote inakaribia dakika 11. Katika shoti ya namna hiyo mhariri, ambaye hapa ni Sandra Adair, hana pa kumwokolea mwigizaji. Ukikosea neno dakika ya saba, mnarudi mwanzo wa mtaa na kuanza upya. Mtu habuni papo kwa papo akiwa kwenye mtego kama huo. Anajua kila neno, kisha anafanya kazi ngumu zaidi ya kutojulikana kwamba anajua.

Sasa tazama walivyopangwa miili. Mwanzoni wanatembea sambamba. Wanaotembea sambamba hawalazimiki kutazamana, kwa hiyo uongo unapita kwa urahisi. Ndiyo maana swali zito kuliko yote linaulizwa hapo, njiani, dakika chache tu baada ya kukutana: Desemba ile tuliyoahidiana, ulikwenda Vienna?

Hebu tulifuate swali hilo hatua kwa hatua, maana uandishi wake ni wa daraja la juu. Céline anauliza. Jesse, badala ya kujibu, anamrudishia swali. Céline anakiri kwamba hakuweza, kisha anamshikilia ajibu. Jesse anasema na yeye hakwenda. Hapo Céline anapumua, karibu afurahi, kwa sababu mzigo wa hatia umeondoka. Anaeleza kwamba bibi yake alifariki na mazishi yalikuwa siku ileile. Mwandishi wa kawaida angeishia hapo, wote wakiwa hawana deni. Waandishi hawa wanampa Céline akili ya kuuliza jambo moja zaidi: mimi nilikuwa na sababu, wewe sababu yako ilikuwa nini? Jesse hana sababu. Ukimya wake mfupi ndio unaomfichua. Alikwenda, alingoja, akarudi peke yake. Hakuna aliyepeleleza wala barua iliyookotwa. Ukweli umetoka kwa sababu uongo ulikosa kiungo kimoja. Na mara tu unapotoka, Jesse anaufunika kwa mizaha ili Céline asiumie. Katika kuufunika huko tunaona kwamba kidonda bado kibichi.

Mkahawani wanakaa kuangaliana, meza katikati, na mazungumzo yanabadilika. Sasa ni kazi, siasa, hali ya dunia. Céline anafanya kazi katika shirika la mazingira na ana mengi ya kusema. Sehemu hii ndiyo dhaifu kidogo kwa maoni yangu. Hoja zinakuwa hoja tu kwa muda, na nyuzi za mapenzi zinalegea. Lakini angalia yanayopenyezwa katika mazungumzo yao: Céline anataja, bila kupandisha sauti, kwamba amesoma Jesse ana mke na mtoto. Filamu nyingi za wapenzi wanaorudiana huificha pete hadi mwisho, kisha huilipua. Hapa mwanamke alishajua kabla hajakanyaga duka la vitabu, na hata riwaya alikuwa ameshaisoma. Alikuja akijua. Kwa kuitoa siri hiyo mapema, waandishi wanajinyima mlipuko rahisi na kujipa kitu kirefu zaidi, yaani mtazamaji anaacha kungoja habari na kuanza kungoja namna kila mmoja atakavyoisema habari ambayo wote wanayo. Msikilizaji mzoefu wa taarabu anaielewa raha hiyo. Fumbo linalojulikana na wote ukumbini ndilo linalouma, kwa sababu kila mtu anasikiliza linavyopelekwa.

Jambo la muda ndilo lililowasumbua zaidi mafundi. Filamu ina dakika 80, na hadithi yake nayo ni karibu dakika 80. Saa ya mtazamaji na saa ya wahusika zinakwenda pamoja, kama Agnès Varda alivyojaribu kufanya katika jiji hilohilo la Paris na filamu yake Cléo de 5 à 7 ya mwaka 1962. Ukichagua njia hiyo umejifunga mikono. Huwezi kuruka wiki, huwezi kuruka hata usiku mmoja. Zaidi ya hapo, kilichopigwa kwa siku 15 lazima kionekane ni alasiri moja. Mpigapicha Lee Daniel alilazimika kuulinganisha mwanga wa onyesho na onyesho wakati mawingu ya Paris yanabadilika yatakavyo, na kiangazi kile kilikuwa kati ya vilivyowahi kuwa vikali zaidi Ulaya, huku joto likipita nyuzi 38. Maonyesho mengi yalipigwa kwa mfuatano wa hadithi. Hilo liliwasaidia waigizaji, maana uchovu na ukaribu vilijengeka kwa mpangilio uleule wa wahusika. Mwanga unavyozidi kuwa wa dhahabu ndivyo ndege inavyozidi kukaribia, na hakuna mtu anayehitaji kutazama saa ukutani.

Lakini jiografia yake ni ya kubuni. Duka la vitabu liko kando ya mto Seine, mkahawa uko mbali upande wa mashariki katika wilaya ya 11, na hakuna miguu inayokufikisha kwa dakika zile wanazotembea. Kisha wanaibukia kwenye bustani ndefu iliyopandwa juu ya daraja la reli ya zamani, na muda si mrefu wako mtoni tena. Linklater aliuheshimu muda na kuuchezea mji, na naona alichagua sawasawa. Mtazamaji hahesabu mitaa, ila angeuhisi udanganyifu wa muda papo hapo kwa kusikia mazungumzo yamekatika.

Sasa gari. Kama kuna onyesho moja la kusomwa na kila anayeandika mapenzi kwa ajili ya skrini, ni hili. Jesse alishampigia simu dereva aje kuwachukua, na sasa wamekaa kiti cha nyuma. Kwa mara ya kwanza hawawezi kuondoka. Barabarani kulikuwa na kona, mkahawani kulikuwa na mhudumu, kwenye boti kulikuwa na mto wa kutazama. Ndani ya gari kuna mlango, kioo na mtu mwingine. Wala hakuna mwendo wa miguu wa kumsaidia msemaji kupunguza presha. Ndiyo maana Céline analipukia hapo. Anasema yote aliyokuwa akiyazungusha kwa saa nzima: kwamba kitabu kile kimemchokonoa, kwamba usiku ule wa Vienna ulichukua kitu ndani yake ambacho hakijarudi, kwamba wanaume anaoachana nao huenda wakaoa wengine. Anataka dereva asimame ashuke. Kisha zamu inahamia kwa Jesse, naye anaisimulia ndoa yake kavu na ndoto zake mbili. Katika moja Céline anapita na treni, tena na tena, yeye amesimama jukwaani. Katika nyingine Céline ni mjamzito kando yake kitandani, na anaamka akilia.

Wakati Jesse anazungumza akiwa amegeuza uso, mkono wa Céline unainuka kuelekea kichwani kwake. Unakaribia nywele zake. Jesse anageuka kidogo, mkono unarudi. Sekunde chache tu, bila muziki, bila kamera kusogea karibu kutuonyesha kwamba hili ni muhimu. Mtazamaji ameona, Jesse hakuona. Katika filamu ya kwanza Jesse ndiye aliyeinua mkono hivyohivyo ndani ya tramu ya Vienna, akataka kuziondoa nywele usoni mwa Céline, kisha akaurudisha. Sehemu ya pili inamjibu baada ya miaka tisa kwa mkono mwingine, na haimkumbushi mtazamaji kwa kurudia picha ya zamani. Ningetamani ujasiri huo ungetumika pia mwanzoni dukani, ambako vipande vya Before Sunrise vinachomekwa wakati Jesse akijibu maswali. Vinamsaidia mgeni, lakini nyuso mbili zilizoongezeka umri zilitosha. Hawke na Delpy walikuwa na miaka zaidi ya 30 wakati huo, wamekonda, na Céline mwenyewe anautaja mkunjo uliojichora katikati ya nyusi za Jesse. Hakuna mpamba sura anayeweza kukupa miaka tisa ya kweli.

Baada ya gari unakuja uamuzi ninaouona wa kishujaa kuliko wote. Wanapanda ngazi za kuzunguka kwenda nyumbani kwa Céline, na hawasemi. Filamu iliyotegemea maneno kwa zaidi ya saa inayaondoa. Kamera inawafuata ngazi baada ya ngazi, wanatazamana, wanaangalia chini, wanapanda. Mtayarishaji mwoga angekata moja kwa moja hadi mlangoni, kwa hoja kwamba hakuna kinachotokea. Kinachotokea ni kwamba hakuna tena kilichobaki cha kujifichia. Ukimya ule una uzito kwa sababu tumelipia kwa maneno elfu kadhaa. Ungewekwa dakika ya kumi ungekuwa ngazi tu.

Chumbani Céline anapiga gitaa na kuimba wimbo alioutunga kuhusu usiku mmoja, wimbo ambao Delpy mwenyewe ndiye mtunzi wake. Kisha Jesse anaweka muziki wa Nina Simone, na Céline anaigiza namna mwimbaji huyo alivyokuwa akijiachia jukwaani, akitembea taratibu na kuongea na watu katikati ya wimbo. Simone alikuwa amefariki Ufaransa Aprili 2003, miezi michache kabla ya upigaji picha. Humo humo katika mchezo huo Céline anamwambia Jesse kwamba ndege itamwacha. Jesse, amekaa kwenye kochi, anajibu kuwa anajua. Picha inafifia na kwisha. Dereva bado yuko chini.

Hakuna busu lililorekodiwa katika mwisho ule, wala talaka, wala ahadi. Lakini swali lililofunguliwa dukani limejibiwa kikamilifu, kwa kuwa swali lilikuwa ni ndege. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema filamu imeachwa wazi. Imefungwa vizuri sana. Kilichoachwa wazi ni maisha yao baada ya hapo, na hayo Linklater aliyachukua katika Before Midnight ya mwaka 2013, iliyopigwa Ugiriki. Academy ya Marekani iliuteua mswada wa Before Sunset kuwania Oscar katika kundi la miswada iliyotokana na kazi nyingine, kwa kuwa wahusika walikuwa wa filamu ya kwanza.

Kwenu mnaoandika na kuongoza filamu za mapenzi kwa Kiswahili, Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Zanzibar: bajeti ya filamu hii kwa kiwango cha Hollywood ilikuwa ndogo, na nguvu yake haikutoka kwenye bajeti. Tafuteni onyesho la gari mlitazame mara mbili, na mara ya pili zimeni sauti kabisa. Kisha fungueni mswada mnaouandika sasa na mtafute ni ukurasa wa ngapi wahusika wenu wanaambiana ukweli. Kama ni ukurasa wa tatu, usogezeni mbele.