Punje ya Haradali na Jicho la Msomaji

Mfano wa punje ya haradali katika Mathayo 13 ulijengwa juu ya mmea ambao wasikilizaji wake waliufahamu mashambani mwao. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, Union Version, imelibakiza neno haradali. Je, msomaji wa Murang'a huona nini? Aghalabu haoni mmea wowote. Husikia neno la kanisani tu. Mwislamu wa Lamu, kwa upande wake, hukumbuka mizani ya matendo, kwani Kurani (21:47) nayo huitaja punje iyo hiyo.

Yupo atakayependekeza mugumo: mbegu yake ni ndogo mno, na ndege hutua matawini mwake. Sikubaliani naye. Mugumo ni mti wa ibada ya Wakikuyu tangu jadi. Utukufu wake waja kabla ya mfano kusimuliwa. Haradali ni mboga, na Mathayo mwenyewe asema hivyo. Aliyezoea mwerezi wa Ezekieli 17 anapewa mboga! Mchicha usiochumwa, hata ukalingana na mtu kimo, waikaribia zaidi maana hiyo, japo ndege hawezi kujenga kiota humo.