Mchezo Unaomshika Mtu Usiku

Wazazi hutuuliza mara nyingi: michezo gani ya simu ni mibaya? Wanataka majina, wapate kuyakataza nyumbani. Tungeweza kuwapa orodha na kwenda zetu. Lakini tumeiangalia mitatu yenye sifa ya kuwanasa watu, yote kazi ya mafundi wadogo wasiojulikana kabla, na twaona jina halitoshi. Yafaa kuuliza mchezo wamshika mtu kwa njia gani, na nani anapata faida akishikwa.

Tuanze na Flappy Bird. Aliyeutunga ni Dong Nguyen wa Hanoi, katika Vietnamu, peke yake, kwa siku chache tu. Ulitoka mwezi wa Mei 2013. Ndege mdogo anapita katikati ya mabomba ya kijani. Ukigusa kioo anapanda, ukiacha anaanguka. Akigonga bomba amekufa, nawe waanza upya. Hakuna hadithi, wala hakuna mwisho. Kwa ufundi ni mchezo maskini. Lakini kifo chake ni cha upesi, na kuanza tena ni kwa upesi zaidi, hata mchezaji hapati nafasi ya kujiuliza kama ametosheka. Mtego wote ni huo.

Mwanzo wa 2014 mwenyewe alisema kwamba matangazo yanamletea dola 50,000 kwa siku. Barua nazo zikamfikia: watu waliopoteza kazi, mama aliyeacha kusema na watoto wake. Mwezi wa Februari mwaka ule akauondoa. Alieleza kwamba aliutunga uchezwe dakika chache za mapumziko, nao ukageuka kitu cha kuwatia watu utumwani. Wengi walimcheka. Sisi hatumcheki. Ni wangapi wangefunga duka lililojaa wanunuzi kwa sababu wanunuzi wanaumia? Lakini tuseme kweli: waliokuwa nao katika simu waliendelea kucheza, na waigaji wakajaza nafasi yake mara moja.

Wa pili ni Vampire Survivors, wa Luca Galante, Mwitalia akaaye Uingereza. Ulianza kuuzwa Desemba 2021, na katika 2023 ulipata tuzo ya BAFTA ya mchezo bora. Galante alikuwa amefanya kazi katika michezo ya kamari, na shule ile inaonekana. Wewe waongoza miguu tu. Silaha zapiga zenyewe, adui wanakuja kwa mamia, na ukiokota sanduku linafunguka kwa taa na muziki kama mashine ya kamari. Tofauti ni kwamba sanduku halikudai hata franka moja. Ulikwisha kulipa mara moja tu, chini ya dola 5 kwa kompyuta. Tena katika uwanja wa kwanza, ikifika dakika ya 30, Mauti mwenyewe anakuja kukuua. Tulilipenda jambo hili. Mtunzi amejua namna ya kumshika mtu, na amejua pia kumwambia: basi.

Balatro ndio mzuri kuliko yote, na ndio uliotusumbua. Umetungwa na Mkanada mmoja anayejificha nyuma ya jina LocalThunk, ukatoka tarehe 20 Februari 2024. Ni karata za poka zisizo na feza. Unapanga mkono wako ili upate hesabu inayotakiwa, na kila mara unanunua, kwa sarafu za mchezo wenyewe, vichekeshi vinavyogeuza sheria. Viko 150. Kimoja chaongeza hesabu, kingine chaizidisha, na wewe unatafuta namna ya kuvioanisha. Hapo akili inafanya kazi kweli. Si bahati tupu.

Shirika la PEGI, linalopanga umri wa wachezaji katika Ulaya, liliupa umri wa 18 kwa sababu ya sura ya poka. Wakati uleule mchezo mkubwa wa mpira, unaouza pakiti za bahati kwa feza ya kweli, ulikuwa na umri wa 3. Mtunzi alilalamika, na Februari 2025 Balatro ukashushwa mpaka 12. Twaona alikuwa na haki. Wabelgiji walikwisha kutamka katika 2018 kwamba pakiti za namna ile ni kamari. Anayeangalia picha ya karata asiangalie mfuko unaofunguliwa, amehukumu kwa macho tu. Naye LocalThunk alisema ameandika katika wasia wake kwamba mchezo wake usiuzwe kamwe kwa watu wa kamari.

Mfuko, basi, umesalimika. Na saa je? Ukishinda ngazi ya nane, Balatro hauagani nawe: wakuuliza kama utaendelea bila mwisho. Kijana mmoja alituazima simu yake saa mbili ya usiku, tujaribu kidogo kwa ajili ya makala hii. Tulishinda, tukaulizwa, tukakubali. Tulipoinua macho ilikuwa saa saba. Hakuna aliyetuibia hata makuta, na hatuna wa kumshitaki. Somo la asubuhi tulilifundisha bila kulitayarisha, na watoto walitambua.