Manowari Kubwa, Maji ya Magoti

Tarehe 3 Desemba 1881, Kepteni Charles Brownrigg wa manowari HMS London alikuwa katika maji ya Pemba, lakini manowari yenyewe hakuwa nayo. Ilikuwa imetia nanga bandarini Unguja, naye alikuwa amepanda mashua ndogo ya mvuke pamoja na watu wachache. Mashua ilipolisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa huku limebeba watumwa, mabaharia wa jahazi hilo, wakiongozwa na Hindi bin Hattam, waliwamiminia risasi kisha wakawarukia. Brownrigg alipigana hadi akauawa.

Kwa nini mkuu wa manowari iliyojengwa kubeba mizinga ipatayo 90 afie ndani ya mashua? Jibu liko kwenye ramani ya Pemba. Pwani ya magharibi ya kisiwa imekatwakatwa na hori, visiwa vidogo, matumbawe na mikoko. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na mashamba ya Pemba yakahitaji watumwa wengi zaidi. Mwaka uliofuata Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara hiyo baharini. Majahazi yakaendelea nayo kwa siri, yakipenya horini maji yakijaa na kukaa mikokoni maji yakipwa. London, iliyoshushwa majini mwaka 1840 na kuipiga Sevastopol mwaka 1854, isingeweza kuyafuata humo. Kwa hiyo tangu 1874 iligeuzwa nyumba inayoelea: ghala, hospitali na mahali pa kulala mabaharia, huku mashua zake zikifanya doria.

Penye maji ya kina hadi ufukweni, hesabu ilikuwa nyingine. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilijipanga mbele ya kasri la Unguja, kasri lililojengwa ukingoni mwa bahari, na vita vyao na Sultani vikamalizika chini ya dakika 45. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa palepale bandarini.

Miaka 10 baadaye Uingereza ilishusha majini Dreadnought, yenye mizinga 10 ya inchi 12, na mataifa makubwa yakaanza kushindana kwa ukubwa wa mizinga. Miezi miwili tu kabla yake, Ujerumani ilikuwa imeshusha meli isiyoingia kabisa katika mashindano hayo: Königsberg, yenye mizinga 10 ya sentimita 10.5 na kasi ya noti 24 hivi. Mnamo Juni 1914 meli hiyo ilifika Dar es Salaam ikiongozwa na Kepteni Max Looff.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza kati ya Uingereza na Ujerumani, na mlio wa mizinga yake ulisikika Unguja alfajiri ya 20 Septemba 1914. Manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake. Ilipofika saa 11 na dakika 10, Königsberg ilianza kufyatua kutoka umbali wa kilomita nane hivi. Pegasus ilikuwa na mizinga minane ya inchi nne, yaani sentimita 10.16. Tofauti ya vinywa vya mizinga ya meli hizo mbili haikufika hata nusu sentimita, lakini makombora ya Pegasus yaliangukia majini kabla ya kumfikia adui. Mzinga wa Kijerumani ulirusha kombora zito zaidi, na mtutu wake uliweza kuinuliwa juu zaidi. Atupaye jiwe mbali hulitupa kwa kulipandisha. Kombora nalo ni hivyo hivyo. Pegasus, iliyofungwa kwa nanga, haikuweza kusogea mbele ili iufute upungufu huo. Mabaharia wake 38 walifariki, na baadhi yao wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe.

Königsberg iliponea kwa kujificha katika delta ya Mto Rufiji. Hapo ndipo hadithi ya Brownrigg ilipojirudia, safari hii kwa chuma cha maelfu ya tani.

Waingereza walileta Goliath, manowari ya tani 13,000 hivi yenye mizinga minne ya inchi 12. Kombora lake moja lilikuwa na uzito unaokaribia kilo 400. Moja tu lingetosha kuivunja Königsberg. Lakini sehemu ya Goliath inayokaa ndani ya maji, kutoka usawa wa bahari hadi mkukuni, ilizidi futi 25, na mbele ya midomo ya Rufiji bahari ni ya mchanga na matope mwendo mrefu. Kila ilipojaribu kusogea, maji yalikwisha kabla adui hajaingia katika masafa ya mizinga. Ikaishia kuipiga Dar es Salaam mwishoni mwa Novemba, kisha ikaondoka. Mei 1915 ilizamishwa kwa torpedo huko Dardanelles.

Waingereza walijaribu pia kuufunga mlango wa mto kwa kuizamisha meli kuukuu, Newbridge, tarehe 10 Novemba 1914. Delta, hata hivyo, ina milango mingi, na kufunga mmoja hakukumaliza kazi. Kilichobaki ni kuingia, na anayetaka kuingia huanza kwa kupima. Mwindaji Piet Pretorius alipenya mikokoni akisaidiwa na wenyeji, akaionyesha meli ilipo na kupima vina vya mikondo ya mto pamoja na kupwa na kujaa kwa maji.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyochagua silaha. Huko Uingereza kulikuwa na meli tatu za mtoni zilizotengenezwa kwa ajili ya Brazili, zikanunuliwa na serikali vita vilipoanza Agosti 1914. Mbili kati yake, Severn na Mersey, zilivutwa kupitia Malta na Suez hadi kisiwa cha Mafia, zikafika Juni 1915. Zilikuwa nzito, za taratibu, na zenye tumbo bapa. Baharini ziliyumba kama beseni. Lakini zilihitaji maji ya futi sita tu, na kila moja ilibeba mizinga miwili ya inchi sita, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ili zisizame zikitobolewa, mabaharia walizijaza madebe matupu ya mafuta ya taa.

Sasa zingeweza kufika, lakini zisingeweza kuona. Kati ya meli hizo na Königsberg kulikuwa na kilomita kama kumi za mikoko. Mpigaji wa baharini huangalia maji yakiruka, akajua kama kombora limepita au limepungua. Hapa kombora liliangukia matopeni nyuma ya miti, na aliyelirusha hakuona kitu. Jicho likapandishwa angani: ndege za Farman na Caudron ziliruka kutoka Mafia, na mwangalizi aliyekaa ndani akatuma herufi kwa simu ya upepo kuonyesha kombora limeanguka mbele, nyuma, kulia au kushoto.

Jaribio la 6 Julai 1915 lilionyesha kasoro ya mpango huo. Severn na Mersey zilifyatua kwa pamoja makombora 635, lakini machache tu yaliipata Königsberg. Mwangalizi aliona moshi mara mbili lakini hakujua upi ni wa meli ipi, hivyo kusahihisha kwake meli moja kukaiharibu nyingine. Wajerumani nao walikuwa na waangalizi wao nchi kavu, na mizinga yao ililenga vizuri. Mersey ilipigwa, watu wakafa, na meli zote mbili zikarudi baharini.

Siku tano baadaye mpango ulibadilishwa kwa jambo moja dogo: meli moja ifyatue, nyingine inyamaze. Severn, chini ya Kepteni Eric Fullerton, ilitia nanga na kuanza. Angani juu yake walikuwa rubani John Cull na mwangalizi H. J. Arnold. Makombora yakasogea hatua kwa hatua hadi yakaanza kugonga meli. Injini ya ndege ilipopigwa, Cull aliiteremsha taratibu bila nguvu ya injini, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho mpaka walipoangukia mtoni karibu na Mersey na kuokolewa. Königsberg ikashika moto. Looff, aliyekuwa amejeruhiwa, aliamuru ilipuliwe kwa torpedo yake mwenyewe.

Maji haya hayakumpendelea mtu. Tarehe 14 Aprili mwaka huohuo, ng'ambo ya Mlango wa Pemba, meli Rubens iliyoleta makaa ya mawe kwa ajili ya Königsberg na silaha kwa jeshi la nchi kavu ilifukuzwa na manowari Hyacinth hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Iliungua kwa makombora, Waingereza wakaihesabu kuwa imekwisha. Kumbe ilikaa katika maji ya kina kidogo tu, na Wajerumani wakaopoa bunduki na risasi kwa wingi, wakazikausha juani. Makaa hayakufika Rufiji, ila silaha zilifika vitani.

Mizinga ya Königsberg nayo ilitolewa matopeni, yote kumi, ikapelekwa Dar es Salaam na kuundiwa magari ya magurudumu. Jeshi la Wajerumani la nchi kavu, chini ya Lettow-Vorbeck, liliikokota hadi majeshi ya upande wa pili yalipoiteka mmoja mmoja. Mmoja ulipandishwa kwenye Goetzen katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo leo ni Liemba, ukashushwa tena ili ukapiganie nchi kavu. Mwingine umewekwa Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga ulioopolewa kutoka Pegasus. Mgeni anayepita hapo na futikamba ya fundi cherehani anaweza kuvipima vinywa vyote viwili na kuitafuta ile tofauti isiyofika nusu sentimita.