Ndege Iliyokwama Tororo Hurudije Nairobi?

Tuchukue mfano. Ndege ndogo ya usajili wa Kenya, yenye 5Y ubavuni, imetua Tororo, Uganda, na mguu wa gurudumu ukaumia, haukunjiki tena. Mafundi wake wako uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Mpaka wa Kenya uko kilomita chache tu. Nani aidhinishe iruke?

Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga kimepanga kazi hiyo vizuri. Uganda, ilikoharibikia, ina haki ya kuizuia, mradi iiarifu Kenya mara moja. Kenya, nchi ya usajili, ndiyo inayoamua kama bado inastahili kuruka. Ikiona haistahili, huipiga marufuku hadi itengenezwe, ila yaweza kuiruhusu kwa masharti ifike penye mafundi, bila abiria wa kulipa. Mapendekezo ya Uganda lazima yazingatiwe; masharti yakishawekwa, Uganda haina budi kuiachia.

Usalama wote umo katika masharti hayo. Fundi mwenye leseni huikagua, huifunga miguu kwa pini ibaki chini, kisha hutia saini. Rubani huruka mchana, anga ikiwa shwari, bila kuzidi mwendo unaoruhusiwa miguu ikiwa nje. Mafuta huhesabiwa upya, kwa kuwa miguu hiyo hukinzana na upepo na injini hunywa zaidi.

Pengo la utaratibu huu linaonekana pale ambapo ndege haikuharibika, bali cheti chake cha kustahili kuruka kimeisha muda ikiwa imeegeshwa. Ibara ya 33 ya mkataba huzilazimu nchi kutambua vyeti vilivyofikia viwango vya kimataifa. Kibali maalumu cha kuruka bila cheti hicho hakijavifikia. Kwa hiyo Kenya ikishakitoa, Uganda nayo lazima iombwe ruhusa.

Ulaya imeliziba pengo hili. Kwa kanuni namba 748 ya 2012, masharti ya kuruka huidhinishwa kwanza, ndipo kibali hutolewa, na kibali hicho hutambuliwa katika nchi zote za Umoja wa Ulaya.

Sisi tunayo CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wenye makao Entebbe, ambao umeoanisha kanuni zetu. Vibali bado hutolewa na kila nchi kivyake. Pale mpakani Busia, Kenya na Uganda zimekubali lori likaguliwe kituo kimoja tu. Zikubaliane pia kwamba kibali maalumu cha upande mmoja, kilichotolewa kwa masharti ya pamoja, kitambuliwe upande wa pili. Nchi ya usajili ibaki na dhamana yake, na ndege ifike kwa fundi mapema.