Shahada ya Picha Moja: Swala wa Majini wa Upemba

Baina ya miaka 1946 na 1949 msafara wa Gaston-François de Witte ulizunguka katika nyanda na mabwawa ya Upemba, huko Kongo, ukikusanya ngozi na mafuvu yaliyopelekwa Ubelgiji. Na humo, katika masanduku ya makumbusho, alilala swala mmoja wa majini, wa jamii ya lechwe, kwa zaidi ya nusu karne pasipo jina lake mwenyewe, mpaka mwaka 2005 Fenton Cotterill alipoyapima mafuvu akatambua kwamba si lechwe mweusi wa Bangweulu wala yule mwekundu wa kusini, bali ni aina ya peke yake, akamwita *Kobus anselli* kwa heshima ya W. F. H. Ansell, mtaalamu wa wanyama wa Zambia. Jina likapatikana, walakini sura hai haikuwapo: ilikuwa mwaka 2025 ndipo jarida la *African Journal of Ecology* lilipotoa picha ya kwanza ya lechwe wa Upemba akiwa hai, kazi ya Manuel Weber na wenzake. Aliyezoea picha za fahari za simba na tembo huenda akaitupia jicho moja akaipita. Mimi naona kuwa ilikuwa ngumu kuliko hizo zote.

Bonde la Kamalondo, ambamo Lualaba hujimwaga katika maziwa ya Upemba na Kisale na vidimbwi visivyohesabika, si mahali pa kumvizia mnyama kwa miguu. Mafunjo hupita kichwa cha mtu, chini yake hamna ila tope na mizizi iliyosukana, na huko Kisale husukana hata yakaelea kama visiwa, wavuvi wakajenga vibanda juu yake. Lechwe ameumbiwa mahali hapo: kwato zake ndefu hupanuka akanyagapo, na miguu ya nyuma imeipita ya mbele kwa urefu, hata akishtuka hukata maji kwa kuruka pale ambapo mbwa wa mwindaji hana budi kuogelea. Tena hufuata maji, yakipanda huondoka nayo na yakishuka hurudi nayo, basi aliyemwona leo pembezoni mwa kijiji asitaraji kumkuta hapo mwezi ujao.

Njia iliyobaki kwa Weber na wenzake ilikuwa ya angani, na hapo ndipo penye ufundi. Wanyama hawahesabiwi kwa ndege kwa kuzunguka popote macho yapendapo: aghalabu rubani hushika mistari iliyonyooka, yenye nafasi sawa baina yake, akilinda kimo kimoja, na watazamaji wa pande mbili huandika kile tu kipitacho katikati ya vijiti viwili vilivyofungwa nje, ili upana wa ardhi inayotazamwa ujulikane. Mpiga picha katika safari ya namna hiyo hana hiari ya kungoja. Ndege iendayo kilomita 180 kwa saa hukata mita 50 kila sekunde. Kamera ikifunguka kwa 1/250 ya sekunde, ndege imekwisha kusogea sentimita 20, na swala huwa ukungu mtupu. Kwa 1/2000 husogea sentimita 2 na nusu, na hapo pembe huonekana kuwa pembe. Fauka ya hayo, mtetemo wa injini hupita katika ubavu wa ndege hata kiwikoni, na lenzi ndefu huukuza kama imkuzavyo mnyama. Ndiyo sababu wenye ujuzi hawaegemezi mkono dirishani, wachoke namna gani. Jua la asubuhi likiwa nyuma ya mpiga picha hutenga mgongo wa kahawia na majani. La adhuhuri hugeuza bwawa zima kuwa bati linalong'aa.

Lakini haki yatutaka tuulize picha ya kutoka juu inathibitisha nini. Cotterill alitegemea vipimo, na hakuna kamera ipimayo fuvu la mnyama akimbiaye majini. Kwa maoni yangu nguvu ya shahada hii imo katika mahali. Lechwe aliyekutwa Kamalondo, ambako milima ya Kibara na uwanda wa Kundelungu vimemtenga na nduguze wa Bangweulu, hana alikotoka ila humo humo. Picha ya karibu isiyojulikana ilikopigwa, hata ikipendeza vipi, isingelitosha.

Hesabu yenyewe inaumiza moyo. Katika safari hiyo ya angani walionekana lechwe 10 tu, na waliosalia wakakadiriwa kuwa hawafiki 100, katika bonde ambalo zamani walihesabiwa kwa maelfu. Ujangili umekaribia kuwamaliza, ingawa Hifadhi ya Upemba ipo tangu 1939, na tangu 2017 shirika la uhifadhi la Kongo, ICCN, linaisimamia pamoja na Forgotten Parks Foundation.

Nasema bila kusita kwamba picha ya pili isitafutwe kwa ndege. Inatakiwa picha ya ubavuni, ya dume mwenye pembe zote mbili, weusi wa miguu ya mbele ukionekana wazi, maana huo nao wataalamu huutazama wanapowalinganisha lechwe; na kwa hiyo utatakiwa mtumbwi, upondo badala ya injini, na mvuvi ajuaye ni mafunjo gani yaliyolazwa na kwato alfajiri ya leo. Huyo alipwe ujira wa siku zake zote, hata zile ambazo mnyama hakuonekana, ili nyumbani kwake pia lechwe aliye hai awe na thamani inayoshikika mkononi. Na jina la mfereji alikompitisha mpiga picha lisiandikwe popote, kwani majangili nao husoma.